Vepu za Kimakanika na Hesabu ya Betri Zake

Kifaa cha mvuke cha kimakanika, aina ya vepu au sigara ya kielektroniki, ni rahisi kukieleza. Ni bomba la chuma lenye betri ndani yake, kitufe upande mmoja, na upande wa pili atomaiza inayobeba koili na utambi wa pamba. Ukibonyeza kitufe, ncha hasi ya betri inaunganishwa na mwili wa bomba, umeme unazunguka kupitia koili, koili inapata moto, na kioevu kilichonyonywa na pamba kinageuka mvuke. Ukiachia, mzunguko unakatika. Hakina waya, hakina bodi ya saketi, wala hakina kioo cha kuonyesha tarakimu. Wanaokipenda hukipendea hayo hayo: kinadumu miaka mingi, kinafunguka na kusafishika chote, kasoro yake inaonekana kwa macho, na nguvu ya betri inafika kwenye koili bila kupitia mikono ya kitu kingine.

Hata hivyo, hicho kitu kingine kilichoondolewa kilikuwa na kazi. Katika vifaa vya kawaida vya mvuke, bodi ya saketi hupima ukinzani wa koili, yaani kiasi inavyouzuia umeme, kabla ya kuuruhusu upite, hukataa kuwaka inapogundua shoti, hukata umeme betri inapokaribia kuisha, huzima kitufe kinapobonyezwa kwa sekunde nyingi mfululizo, na mara nyingi hutambua betri iliyowekwa kinyume. Kwenye kifaa cha kimakanika kazi hizo hazikufutwa. Zimehamishiwa kwa mtumiaji, naye asipozifanya hakuna wa kumfanyia. Ndiyo sababu swali la "bomba lipi ni zuri?" linalotangulia katika mazungumzo mengi lingepaswa kuja mwisho. La kwanza ni betri na kiasi cha umeme inachoweza kutoa salama, la pili ni koili inayolingana na betri hiyo, na bomba linachaguliwa baada ya hayo mawili kujulikana.

Niseme mapema ninavyoona. Asiyekuwa tayari kufanya hesabu ndogo ya kugawanya kila anapobadilisha koili, na kupima ukinzani kwa mita kila mara, anafaa kununua kifaa chenye bodi ya saketi, na hatapungukiwa na kitu cha maana. Asiyevuta kabisa hana sababu ya kuanzia hapa wala popote pengine, kwa kuwa nikotini hujenga uraibu haraka. Maelezo haya yanamhusu mtu mzima ambaye tayari anatumia mvuke na ameshaamua, au anafikiria, kushika kifaa kisicho na kinga.

Hatari yenyewe si ya kufikirika. Taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia masuala ya zimamoto, katika ripoti yake ya Julai 2017, ilikusanya visa 195 vya moto na milipuko ya sigara za kielektroniki vilivyoripotiwa nchini humo kati ya 2009 na 2016. Watu 133 waliumia, 38 kati yao vibaya. Linalonigusa zaidi katika ripoti hiyo ni mahali ajali zilipotokea: 61 zilitokea kifaa au betri ya akiba ikiwa mfukoni, 60 wakati wa kuvuta, na 48 wakati wa kuchaji. Maana yake, mfuko wa suruali ulikuwa na hatari sawa na mdomo. Wakati huo hakuna kifo kilichokuwa kimeandikwa. Mwezi Mei 2018, mwanamume wa miaka 38 alifariki katika mji wa St. Petersburg, jimbo la Florida, baada ya kifaa cha kimakanika kupasuka na vipande vyake kupenya kichwani; na Januari 2019 kijana wa miaka 24 alifariki Fort Worth, Texas, baada ya kipande cha kifaa kukata mshipa mkubwa wa shingo.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Kanuni aliyoichapisha mwanafizikia wa Kijerumani Georg Ohm mwaka 1827 inasema kwamba mkondo wa umeme, unaopimwa kwa ampea, ni volteji gawanya kwa ukinzani, unaopimwa kwa omu. Betri ya lithiamu inayotumika katika vifaa hivi huwa na volti 4.2 ikiwa imejaa. Kwa hiyo koili ya omu 1 inavuta ampea 4.2, ya omu 0.5 inavuta 8.4, ya omu 0.3 inavuta 14, ya omu 0.2 inavuta 21, na ya omu 0.1 inavuta 42. Itazame hatua ile ya mwisho kwa makini. Ukishuka kutoka omu 1 hadi 0.9 umeongeza chini ya nusu ampea. Ukishuka kwa kiasi hicho hicho, kutoka 0.2 hadi 0.1, umeongeza ampea 21. Kadiri koili inavyokuwa na ukinzani mdogo, ndivyo kosa dogo la kupima linavyozidi kuwa kubwa kwenye betri: mita inayosoma 0.12 ilhali ukweli ni 0.10 inakufanya uamini unavuta ampea 35 wakati unavuta 42.

Ni kweli kwamba betri inapobanwa kutoa umeme mwingi volteji yake huteremka, na kwamba kitufe na viungio navyo hupoteza kidogo, hata mkondo halisi ukawa pungufu ya ule wa karatasini. Baadhi ya watumiaji hulichukua pengo hilo na kulitumia kama ruhusa ya kushuka zaidi. Ni vema lisiguswe. Pengo hilo ndilo linalofidia mita isiyo sahihi, betri iliyozeeka na koili iliyobadilika baada ya kupata moto mara kadhaa. Hesabu ifanywe kwa volti 4.2 daima.

Hapa kuna jambo linalowachanganya hata waliotumia mvuke kwa muda mrefu, hasa wanaotoka kwenye vifaa vyenye bodi. Kifaa chenye bodi ukikiambia kitoe wati 60, kitatoa wati 60 betri ikiwa imejaa au imepungua. Na kwa kuwa wati ni volti mara ampea, betri inaposhuka kutoka volti 4.2 hadi 3.2 mkondo unaotoka ndani yake unapanda kutoka takriban ampea 14 hadi karibu 19, bila kuhesabu kinachopotea kwenye bodi yenyewe. Betri inateseka zaidi mwishoni. Kwenye kifaa cha kimakanika mambo ni kinyume: koili haibadiliki, volteji inashuka, na mkondo unashuka pamoja nayo. Mzigo mkubwa kuliko wote ni wa mvuto wa kwanza baada ya betri kutoka kwenye chaja. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema koili yake ya omu 0.12 "haina shida" kwa sababu betri inakuwa ya vuguvugu tu jioni, fahamu kwamba amepima mahali pasipo na shida.

Je, betri inaweza kutoa ampea ngapi? Jibu liko kwenye karatasi ya vipimo ya mtengenezaji, chini ya kiwango cha mkondo wa mfululizo, yaani ampea ambazo betri inaweza kuzitoa tangu imejaa hadi iishe bila kuvuka joto lililowekwa. Hicho ndicho kiwango pekee cha kufanyia hesabu. Kiwango cha mkondo wa mpigo, ambacho wauzaji hupenda kukiandika kwa herufi kubwa, hakina kipimo kimoja kinachokubalika: mmoja anahesabu mpigo wa sekunde moja, mwingine wa sekunde tano, mwingine hasemi ni sekunde ngapi wala betri ilipumzika kwa muda gani kati ya mpigo na mpigo. Kwenye kifaa cha kimakanika kiwango hicho hakifai hata kidogo kwa sababu ya ziada: kitufe kikikwama, mpigo umekwisha kuwa mfululizo.

Betri zinazotumika zaidi hutajwa kwa vipimo vyake. 18650 ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, na 21700 ina milimita 21 kwa 70. Ukubwa peke yake hausemi lolote kuhusu ampea. Katika umbo moja, ujazo na mkondo hushindania nafasi: anayetaka betri idumu muda mrefu hupunguziwa ampea, na anayetaka ampea hupunguziwa muda. Samsung 25R, ya umbo la 18650, ina ujazo wa 2500 mAh (miliampea-saa, kipimo cha umeme uliohifadhiwa) na mkondo wa mfululizo wa ampea 20. Ndugu yake 30Q ina 3000 mAh, lakini ampea zake ni 15. Sony VTC5A, ambayo biashara yake ilihamia Murata mwaka 2017, ina 2600 mAh na ampea 25. LG HB6 inafika ampea 30, ila kwa ujazo wa 1500 mAh tu. Ukipanda kwenye 21700 unapata nafasi zaidi, kama Samsung 30T yenye 3000 mAh na ampea 35. Kwa sababu hiyo, ukiona 18650 imeandikwa ampea 40 na 3500 mAh kwa pamoja, huna haja ya kuipima. Maandishi hayo hayawezi kuwa ya kweli.

Maandishi hayo hutoka wapi? Kampuni nyingi zinazouza betri hazina kiwanda cha betri. Hununua betri kutoka kwa watengenezaji wachache wakubwa, wakati mwingine za daraja la chini zilizokataliwa na wanunuzi wa viwandani, huzivisha gamba jipya la plastiki lenye jina na rangi yao, kisha huandika tarakimu zinazouza. Nyingine ni bandia kabisa, zenye jina la mtengenezaji mkubwa juu ya betri isiyojulikana ilikotoka. Kwenye kifaa chenye bodi udanganyifu huu hukugharimu muda wa matumizi. Kwenye kifaa cha kimakanika umeijenga koili yako yote juu ya namba ya uongo. Ninachokishauri ni kuchukua betri ambayo modeli yake ya asili inajulikana na karatasi yake ya vipimo inapatikana, kununua kwa muuzaji anayeweza kusema ameitoa wapi, na kuliacha gamba la kuvutia lisilo na modeli ya asili.

Lazima pia isemwe wazi kwamba watengenezaji hao wakubwa wenyewe hawakubali betri zao zitumike hivi. Betri hizi zimetengenezwa zifungwe ndani ya pakiti zenye saketi ya kinga, za kompyuta au za zana za umeme, na LG, Samsung na Sony wote wametahadharisha dhidi ya kuziuza mojamoja kwa watumiaji wa sigara za kielektroniki. Januari 2021, tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa za walaji ilitoa tahadhari iliyowataka watu wasinunue wala kutumia 18650 zilizo wazi. Anayeendelea kuzitumia aendelee akijua kwamba yuko nje ya matumizi yaliyokusudiwa.

Tukiweka pamoja betri na kanuni ya Ohm, mpaka wa chini wa koili unajitokeza wenyewe: 4.2 gawanya kwa ampea za betri. Betri ya ampea 20 inatoa mpaka wa omu 0.21. Hapo ni ukingoni, na hapakaliki. Joto linalozaliwa ndani ya betri hukua kwa mraba wa mkondo: betri yenye ukinzani wa ndani wa omu 0.02 ikitoa ampea 20 inajipasha ndani kwa wati 8, na ikitoa ampea 40 inajipasha kwa wati 32, yaani mara nne. Betri ikizeeka ukinzani huo wa ndani unaongezeka, hivyo betri ileile na koili ileile zilizokuwa salama mwaka jana zinaweza zisiwe salama sasa. Kwa betri ya ampea 20, omu 0.3 inayovuta ampea 14 ni mahali pa kutulia, na mvuke wake ni mwingi wa kumtosha mtu yeyote asiyeshindana na mwenzake.

Koili yenyewe ipimwe kila inapotengenezwa, inapokazwa upya na inapobadilishiwa pamba baada ya kuchomwa. Njia nzuri ni kuwa na kipima omu cha kusimama peke yake, au kuifunga atomaiza kwanza kwenye kifaa chenye bodi na kuiwasha humo mara chache, uone kama namba inatulia. Namba inayorukaruka inamaanisha skrubu iliyolegea, mguu wa koili unaogusa ukuta, au uchafu kwenye hesi, yaani mikunjo ya kufungia kama ya skrubu, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachopaswa kuingia kwenye bomba. Miguu ya koili ikatwe hadi isibaki ncha inayoweza kugusa kifuniko cha atomaiza kikirudishwa. Shoti nyingi huanzia kwenye ncha ndogo kama hiyo, ambayo haikuonekana kifuniko kilipokuwa wazi.

Sasa bomba. Kitu cha kwanza cha kutafuta ni matundu ya kupumulia. Betri ya lithiamu inapopata joto kupita kiasi, kemikali zake huanza kujibishana zenyewe na kuzalisha joto zaidi, gesi inajaa ndani, na tundu maalumu lililo chini ya ncha chanya linafunguka kuitoa. Gesi hiyo ikikuta bomba lenye matundu ya kutosha inatoka kwa kishindo na moto, nalo ni jambo baya. Ikikuta bomba lililozibwa, shinikizo linapanda mpaka chuma chenyewe au atomaiza iruke kama risasi. Matundu yawepo, yawe makubwa, yasiwe yamezibwa na gundi wala mapambo, na mkono unaposhika bomba usiyafunike yote. Sijaona sababu yoyote ya kukubali bomba lisilo nayo, hata likiwa limechongwa kwa ustadi gani.

Kitu cha pili ni kufuli la kitufe, kwa kawaida pete inayozungushwa ili kitufe kisiweze kushuka. Kitufe chenyewe kiwe kinarudi juu kwa wepesi. Baadhi hutumia springi, baadhi sumaku zinazosukumana. Zipo springi zilizotengenezwa makusudi zilainike na kujikunja zikipata joto, zikate mzunguko. Ni kinga ndogo, lakini katika kifaa kisicho na kinga nyingine ina thamani yake.

Cha tatu, nacho kinahitaji kuangaliwa kwa karibu, ni kifuniko cha juu. Katika mabomba ya kawaida kifuniko kina pini yake mwenyewe iliyozungukwa na kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme: pini ya atomaiza inaigusa ile, na ile inaigusa betri. Katika kifuniko cha haibridi pini hiyo haipo. Atomaiza inapita moja kwa moja na pini yake inakaa juu ya ncha chanya ya betri. Geuza atomaiza uitazame kwa chini: katikati kuna pini, ambayo ni chanya, inaizunguka pete nyembamba ya kihami, na nje yake kuna ukingo wa hesi, ambao ni hasi. Ikiwa pini imechomoza kuupita ukingo huo kwa kiasi cha kuonekana wazi, betri itaigusa pini peke yake. Ikiwa iko sawa na ukingo, au imekaa juu ya springi inayoweza kurudi ndani, ncha chanya ya betri itagusa pini na ukingo kwa wakati mmoja, na hiyo ni shoti iliyo tayari, bila koili yoyote katikati. Pale juu mwili wa bomba tayari umeungana na ncha chanya, na unachosubiri ni kitufe kuufikisha upande wa pili au gamba la betri kuchanika. Matangi mengi, yaani atomaiza zenye hifadhi ya kioevu, yenye koili za kununuliwa yana pini ya aina hiyo, na hayapaswi kukaribia kifuniko cha haibridi. Kwa anayeanza, naona bora aachane na haibridi kabisa.

Chuma cha bomba, iwe shaba nyekundu, shaba ya njano au chuma cha pua, huathiri kiasi cha nguvu inayopotea njiani na uzito mkononi. Ni suala la ladha. Muhimu zaidi ni hesi na sehemu za mguso kuwa safi, kwa kuwa uchafu na kutu huleta ukinzani mahali pasipotakiwa na kitufe kinaanza kupata moto. Kuzifuta kwa spiriti kila baada ya siku kadhaa kunatosha.

Kuhusu mabomba ya betri mbili, tofauti ya mpangilio ni kubwa mno kupuuzwa. Betri zikipangwa sambamba volteji inabaki 4.2 na mzigo unagawanyika: koili ya omu 0.3 inavuta ampea 7 kwa kila betri. Zikipangwa mfuatano, moja juu ya nyingine, volteji inakuwa 8.4, na koili ileile ya omu 0.3 inavuta ampea 28, na ampea zote 28 zinapita katika kila betri. Isitoshe, betri mbili zisizolingana zikipangwa hivyo, dhaifu inaisha kwanza na yenye nguvu inaendelea kuisukuma mpaka inageuka kinyume. Mpangilio wa mfuatano bila bodi ya saketi siupendekezi kwa mtu yeyote. Kwa mpangilio wowote wa betri mbili, ziwe modeli moja, zimenunuliwa pamoja, zichajiwe pamoja na zitumike pamoja mpaka mwisho wao.

Tuirudie betri, maana kuna sehemu yake inayofahamika kidogo kuliko inavyostahili. Watu wengi hudhani ncha hasi ni ule uso wa chini tu. Ukweli ni kwamba kopo zima la chuma ni hasi, ubavuni kote hadi juu kwenye mabega, milimita chache tu kutoka kwenye ncha chanya. Kinachotenganisha mabega hayo na ncha chanya ni pete nyembamba ya kuhami, na kinacholifunika kopo ni gamba jembamba la plastiki. Gamba likichanika ubavuni, kopo linagusa ukuta wa bomba na kukiruka kitufe: koili inawaka bila kubonyezwa, hata kifaa kikiwa kimefungwa kwa kufuli. Likichanika begani, chini ya kifuniko cha haibridi, ukingo wa hesi unaweza kuunganisha chanya na hasi papo hapo. Na mtu aliyezoea kugeuza betri yake, ncha chanya ikaelekea kwenye kitufe, akiwa na gamba lililochanika, kila akibonyeza anapiga shoti kwa kidole chake mwenyewe. Kwa hiyo kila betri inapotoka kwenye chaja izungushwe chini ya mwanga mzuri, pande zote na hasa begani. Magamba mapya na pete za kuhami ni vitu vya bei ndogo na huvaa kwa kupashwa joto kidogo. Betri yenye kovu la kubonyea kwenye chuma chenyewe haivishwi gamba, inaachwa.

Wakati wa matumizi, mvuto uwe wa sekunde chache. Kitufe kikianza kuwa cha moto, au bomba likawa na joto ambalo mkono unalihisi, betri itolewe na sababu itafutwe kabla ya mvuto mwingine. Kwa kuwa hakuna kitu kitakachokata umeme betri ikipungua, mtumiaji ajifunze kuipima: inapofika takriban volti 3.5 ikiwa imepumzika ni wakati wa kuibadilisha, na mvuke unaodhoofika ndio ishara ya kwanza. Ikiteremshwa chini ya volti 2.5 inaharibika ndani, na kuichaji baada ya hapo ni kukaribisha shoti isiyoonekana.

Kuchaji kufanyike kwenye chaja iliyotengenezwa kwa betri hizi, yenye kila nafasi inayojitegemea na inayokoma kwenye volti 4.2. Ampea 0.5 hadi 1 inatosha. Haraka zaidi ya hapo huongeza joto na kufupisha maisha ya betri. Chaja ikae juu ya kitu kisichoshika moto, mtu akiwa macho na karibu, na betri iliyotoka kwenye baridi ya chini ya nyuzi 0 za Selisiasi isubiri ipate joto la chumba kwanza. Betri zenye saketi ndogo ya kinga iliyofungwa ndani, ambazo hutambulika kwa kuwa ndefu kidogo, huonekana kama suluhisho la haya yote, ila nyingi zimewekewa mkondo mdogo usiofaa kwa koili za chini, na mara nyingi hazienei ndani ya bomba.

Betri ya akiba isikae wazi mfukoni wala kwenye mkoba. Funguo moja au sarafu mbili zikigusa ncha chanya na bega kwa pamoja zinatosha, na takwimu za mifukoni nilizozitaja zinaonyesha matokeo yake. Kibweta cha plastiki cha betri kinaondoa hatari hiyo yote. Bomba lenyewe likiwekwa mfukoni lifungwe kwa kufuli, na ni salama zaidi betri ikiwa imetolewa. Kwenye ndege, vifaa hivi na betri zake husafiri na abiria ndani ya ukumbi, kamwe si kwenye mizigo ya chini, na havichajiwi humo.

Betri ikianza kutoa sauti ya kuchemka, kunuka harufu tamu ya kemikali au kuwa ya moto kiasi cha kutoshikika, usijaribu kuichomoa kwenye bomba. Liweke au litupe bomba zima mahali pasipo na watu wala kitu kinachowaka, uso wako ukiwa mbali na ncha zote mbili, kwa kuwa huko ndiko vipande hurukia. Moshi wake una sumu, ikiwemo floridi ya hidrojeni, basi chumba kifunguliwe na watu watoke. Maji mengi husaidia kuipoza betri ya namna hii na kuzuia moto usienee. Aliyeungua avuliwe nguo zilizolowa kemikali, sehemu iliyoungua ipozwe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe hospitali, na daktari aambiwe bayana kwamba ni betri ya lithiamu iliyopasuka, kwa sababu jeraha la aina hiyo huwa la moto na la kemikali kwa pamoja.

Betri iliyozeeka, inayopata joto kwenye chaja au inayoshuka volteji ikiwa imekaa tu, imemaliza kazi yake kwenye kifaa cha kimakanika. Isihamishiwe kwenye tochi wala kupewa mtu mwingine. Zibwe ncha zake zote mbili kwa utepe wa umeme, kisha ipelekwe mahali panapopokelewa betri chakavu, mbali na takataka za kawaida, ambako ikipondwa na gari la taka inaweza kuwasha moto.